Mwalimu Felicitas na Ada ya Jengo

Mwalimu Felicitas alipostaafu alikataa katakata kujenga. Wenzake alikuwa amewaona: kiinua mgongo chote kimemezwa na kiwanja cha Goba, nyumba imeishia kwenye lenta, mwenyewe presha juu. Yeye akanunua fleti ya vyumba viwili Tegeta, ghorofa ya tatu, akakaa mezani na kalamu. Pensheni laki tatu na arobaini kwa mwezi. Umeme, maji, gesi, chakula, dawa za goti, sadaka, na kidogo cha dharura. Hesabu ikakaa sawa. Kodi hakuna tena, ashukuriwe Mungu.

Mwezi haujaisha, Mzee Wilbert, mwenyekiti wa wakazi, akagonga mlango na faili lake kwapani. Ada ya matunzo ya jengo, elfu sabini kila mwezi: mlinzi, usafi wa ngazi, taa za nje, pampu ya kupandisha maji, gari la kunyonya majitaka.

"Mzee Wilbert, nyumba si nimenunua?"

"Umenunua fleti, Mwalimu. Ngazi hujanunua."

Aliudhika mpaka chai ikamshinda. Hata yule aliyemuuzia, mdomo wote ule, hilo hakulitaja. Akapiga hesabu upya: akitoa elfu sabini, dawa za goti hazinunuliki. Asipotoa, deni litapanda mpaka aiuze fleti, akaombe hifadhi kwa mwanawe Brightson. Na kwa mkwe yule hakai mtu mwenye akili timamu.

Siku ya mkutano, chini kwenye maegesho, akasimama. Mtu aliyetuliza watoto tisini darasani hashindwi na wakazi kumi na wawili.

"Ndugu zangu, sie si watu wa kupangiana. Harusi, mtu anaandika ahadi yake. Msiba, mtu anatoa alichonacho. Na shughuli inakwisha vizuri. Jengo linashindikana nini? Daftari lipite, kila mmoja aandike ahadi yake."

Makofi hayo, utadhani kuna bibi harusi. Jabiri wa chini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaandika laki moja kwa mwandiko mkubwa. Mwalimu akaandika elfu ishirini. Mzee Wilbert akafunga faili, akasema mwenye wazo ndiye awe mweka hazina. Makofi tena.

Hapo ndipo alipojichongea. Ahadi ni deni, maneno hayo aliyaandika ubaoni miaka na miaka. Watu wazima wa Tegeta somo hilo waliliruka. Isitoshe, harusi ina tarehe. Watu hulipa kwa sababu ukumbi unangoja, na kadi haitoki bila mchango. Jengo halina tarehe. Kila mwezi goti lilipanda na kushuka ngazi na daftari, na kila mlango ulikuwa na wimbo wake. Mwalimu, nakutumia jioni. Mwalimu, mwezi umekaa vibaya. Jabiri, bwana laki moja, alitoa elfu kumi, tena akadai risiti. Miezi mitatu hivyo. Mlinzi akaacha kazi, taa zikafa, mwisho pampu ikaungua.

Wa chini, akina Jabiri, maji ya bomba yaliwafikia bila pampu. Mwalimu akawa anapanda na ndoo, anapumzika kila ghorofa, anajitukana kimoyomoyo kwa Kiswahili sanifu. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Hili alilila peke yake.

Akaitisha mkutano mwenyewe. Akaomba ahadi zifutwe, ada irudi palepale, na pampu mpya ichangwe sawa kwa sawa, laki moja na themanini kila fleti.

Jabiri akacheka. "Lakini Mwalimu, si wewe uliyesema sie si watu wa kupangiana?"

"Ndiyo, nilisema mie." Akalifunga daftari. "Nilisema kwa sababu sina hela. Kila mtu akitoa anavyotaka, kidogo changu kisingeonekana. Sababu ndiyo hiyo, sina nyingine."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Wilbert aliinamia faili lake, kisha akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Ikanyooka mmoja mmoja, hata wa Jabiri. Mwalimu aliona aibu, na aibu hiyo ilimkera kuliko ndoo.

Wiki iliyofuata, chumba cha pili, alichokuwa amekitandikia wajukuu, kikapata mtu wa kukitazama. Aliitwa Tunu, muuguzi mwenye ajira mpya na begi moja.

"Shikamoo Mwalimu. Chumba nimekipenda, na hiyo laki kwa mwezi naiweza. Naomba tu nilipe mwezi kwa mwezi, ndiyo kwanza nimeanza kazi."

Miaka thelathini na miwili ya kupanga Manzese, Mwalimu aliwalaani wenye nyumba wanaodai kodi ya nusu mwaka mkononi kabla hujaingiza godoro. Aliwaita kila jina. Alikopa kwa ajili yao, na mwaka mmoja aliuza cherehani ya marehemu mama yake. Akamtazama binti, akamwonea huruma kweli. Kisha akafikiria pampu, na ile elfu sabini ya kila mwezi mpaka atakapokufa.

"Miezi sita, mwanangu," akasema. "Kwa mkupuo."