Sungura Aliyekwama Bariyeri

Apolline Bulonza alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huko Kadutu, mjini Bukavu, na kwa miaka mingi serikali ilimlipa kwa heshima. Mshahara haukuja, ila heshima ilikuwepo tele. Alipokuwa msichana kule Mumosho, baba yake alimsisitiza asomee ualimu kwa sababu mwalimu hakosi chakula. Mzee huyo alifariki mapema, kabla hajaombwa maelezo. Chini ya rais wa zamani Apolline alifundisha bila mshahara. Vita vya kwanza vikamwondoa rais, akafundisha bila mshahara. Vita vya pili vikaleta waasi, wakaushika mji wa Bukavu, na mtu asiseme kwamba hao waliharibu desturi. Wazazi ndio waliomchangia, mwenye sengi mfukoni akitoa sengi na mwenye sabuni akitoa sabuni, na kuna miezi alikuwa mwalimu safi kuliko wote mjini.

Basi wakati wa waasi shirika moja likagundua kwamba watoto wa Bukavu wamepungukiwa na kitu. Hawakupungukiwa na maharagi, wala viatu, wala usingizi. La, kilichokosekana ni matumaini. Walimu wakaitwa semina, wakaketishwa kwenye viti vya plastiki na kupewa Fanta. Mwezeshaji, Monsieur Raphaël, alikuwa kijana wa papa hapa mjini aliyekuwa na simu kubwa ya setelaiti kiunoni na lugha ya mtu aliyeshiba. Akaeleza kwamba kila Ijumaa, saa ya mwisho, mwalimu atawasimulia watoto hadithi ya matumaini. Kuna aliyethubutu kuuliza habari ya posho. Raphaël alicheka kwa upole, akajibu kwamba malipo ya kazi hii ni tabasamu la mtoto. Apolline alikunywa nusu ya Fanta, nusu akawapelekea wanawe, akawaza njia nzima kama tabasamu hilo hupikwa na majani ya sombe au peke yake.

Lakini tusimsingizie. Moyoni alifurahi, tena sana. Hadithi alizipenda tangu utotoni, na bibi yake alikuwa amemwachia nyingi kuliko mashamba.

Ijumaa ya kwanza akaanza na sungura. Njaa imeingia nchini, sungura amewaacha watoto wake nyumbani, amevuka milima kwenda kutafuta unga. Ameupata. Amejitwika mfuko kichwani, sasa anashika njia ya kurudi. Hapo bibi yake angemleta fisi, sungura angemdanganya kidogo, na watu wangekwenda kulala wakicheka. Fisi hakupata nafasi. Zagabe, mtoto wa maman mmoja aliyekuwa akileta unga wa muhogo kutoka Mudaka, aliinua kidole.

"Madame, kwenye bariyeri alilipa nini?"

Apolline alijibu kwamba zamani hizo hapakuwa na bariyeri. Darasa zima lilimtazama kwa huruma, kama linavyomtazama mtu mzima anayesema amepotea nyumbani kwake. Njia gani hiyo isiyo na bariyeri? Zagabe, aliyemsindikiza mama yake mara nyingi, akasimama akawaeleza wenzake mambo yalivyo: kuna kamba, kuna askari wa kamba, kuna shefu, mkubwa wao, chini ya hema, na mwenye mfuko lazima aonyeshe jeton aliyopewa alipolipa bariyeri ya nyuma. Sungura anayo jeton? Hana. Basi akae chini.

Sungura akakaa chini, na saa ikaisha.

Ijumaa iliyofuata Apolline alikuja amejiandaa. Akamvalisha sungura kanzu ya padri. Watoto wakamkumbusha padri aliyerudi parokiani juzi akiwa miguu mitupu. Akampitisha porini, nyuma ya kilima. Wakamwambia porini kuna wengine, na hao hawatoi hata jeton. Akamrusha juu ya kamba, maana sungura ni mrukaji. Hapo walibishana kweli, hadi Zagabe akauliza ni nani aliyewahi kuruka na mfuko wa unga kichwani. Je, akiutupa mfuko, Apolline akajaribu. Sasa alienda kutafuta nini, wakauliza wote kwa pamoja. Mwalimu mwenye diploma alisimama mbele ya watoto wenye kamasi akashindwa kumvusha mnyama mmoja wa kubuni.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama si Chancelle. Huyu alikaa benchi la mbele na alikuwa mtoto wa maneno machache. Mama yake, Rosette, alikuwa amekwenda Luhwindja kuwauzia chumvi na sabuni wachimba dhahabu, safari ya siku chache. Kisha njia ikafungwa, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake. Chancelle na mdogo wake wa kiume walibaki na koko yao, bibi mzee ambaye mwenyewe alihitaji mtu wa kumlisha. Siku hiyo wenzake walipotoka, yeye alibaki akishika ukingo wa meza ya mwalimu.

"Madame, ule sungura akipita, maman naye anapita, si ndiyo?"

Apolline alimwambia afute ubao. Ndilo jibu lililomjia, na alijichukia kwa jibu hilo hadi anafika nyumbani. Aliogopa. Akimpitisha sungura na Rosette asirudi, mtoto atamwamini nani tena? Akimwacha pale, atakuwa amemwua mama wa mtu kwa mdomo wake. Alidhani kwamba anasimulia hadithi, kumbe amefanywa shefu wa bariyeri, tena bila hema.

Ijumaa ya ugeni, Raphaël alifika kuyakagua matumaini. Alikuja na kamera, akatafuta mtoto anayetabasamu, akampata mmoja aliyeng'oka meno. Apolline akaendelea na hadithi pale ilipokwama: sungura yuko chini, mfuko uko kando, jua linachoma. Raphaël alivumilia kidogo tu. Hadithi yenye matumaini haikai chini, akasema, na kwa ruhusa ya Madame akaimalizia mwenyewe. Askari waliona machozi ya sungura, mioyo yao ikaguswa, wakaweka bunduki chini, wakamkumbatia, na shefu akambebea mfuko hadi nyumbani.

 Darasa likaangua kicheko ambacho shule ile haikuwa imekisikia tangu vita vianze. Watoto waliangukiana. Zagabe, akifuta machozi, aliuliza kwa adabu yote kama shefu huyo alikuwa amekunywa kasiksi ya ndizi au bia. Kwa mujibu wa semina, Raphaël alikuwa amelipwa vizuri sana siku ile.

Chancelle hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akainuka.

"Na batoto yake? Siku zote hizi banakula wapi?"

Hakuna aliyekuwa amewawaza wale watoto wa sungura. Njaa ilikuwa kwao, chungu kilikuwa kitupu, na watu wazima wote walikuwa wakihangaika na kamba.  Zagabe ndiye aliyetangulia kujibu. Akasema watakula kwao kwanza, unga upo, ila wasimalize mboga. Msichana wa nyuma akasema basi siku inayofuata waje kwao, kuna visamaki vya sambaza. Mwingine akasema kwao hakuna kitu, lakini kuna moto wa kuota. Wakagombania watoto wa sungura mpaka wakaanza kusukumana, na katika vurugu hiyo mtu akauliza: na kwa Madame, lini?

Mbele ya mgeni mtu husema lolote. "Jumamosi ya kesho kutwa ijayo," Apolline alianza kubabaika, kisha akajirekebisha: Jumamosi ya wiki inayokuja, waje mchana, wakaribie sana. Makofi yakapigwa. Raphaël aliondoka akiwa ameandika kwamba somo lilitoka nje ya mada.

Jumamosi hiyo Apolline alikuwa uani, akikoroga maharagi ambayo kwa watoto wake wanne hayakutosha, alipoona mlangoni Chancelle amemshika mkono mdogo wake. Wamenawa. Kila mmoja alikuwa na sahani yake.

Tuseme ukweli, jambo la kwanza lililomjia mwalimu wa matumaini lilikuwa hasira. Nani amewatuma? Alihesabu vichwa kwa macho, akatazama chungu, akawatazama wanawe nao wakimtazama yeye. Kisha akaongeza maji kwenye mchuzi, akawasogezea mkeka. Walipokuwa wakila aliuliza kwa chati, akaambiwa kwamba kwa Zagabe wamekwisha kula, na kwa wale wa sambaza, na hata kule kusikokuwa na kitu walikwenda, wakaota moto, wakapewa viazi viwili. Wiki nzima. Hakuna aliyeitisha semina, hakuna aliyekunywa Fanta. Mama za wanafunzi wenzake walikuta watoto wa mtu wamekaa kwenye mkeka, wakawapakulia.

 Apolline alimwonea Chancelle uchungu ambao hakuwa na pa kuuweka, akaona lazima ampe kitu, hata uongo. Akamwinamia, akaanza kumwambia kwamba Ijumaa ijayo, liwe liwalo, sungura atapita, yeye mwenyewe atamfungulia ile kamba.

Chancelle alimeza tonge la bugali kwanza.

"Hapana, Madame. Usimupitishe kwa nguvu. Akae kwanza pale, mpaka atapata njia. Batoto yake banakula."

Kisha akaichukua sahani ya mdogo wake, akaisogeza karibu na chungu, maana yule mdogo alikuwa na haya ya kuomba aongezewe.