Ngojangoja ya Majilio

Sipendi neno subiri. Kwa mchungaji huo ni upungufu mkubwa, maana kila mwaka, zile Jumapili nne kabla ya Noeli, kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kuwaambia wasubiri. Nimelihubiri neno hilo Musoma mjini, nimelihubiri Bunda, nimelihubiri na Butiama. Lakini Majilio yaliyonichefua kuliko yote ni ya mwaka mmoja wa enzi za ruksa, na ndiyo yaliyofanya nihamishwe kutoka Butiama kabla ya wakati wangu.

Miaka ya shida tulikuwa mabingwa wa kungoja. Tulingoja sukari, tukangoja sabuni, tukangoja zamu ya kitenge dukani, na mezani pa Bwana nilibariki maji mekundu ya maua ya choya kwa kuwa divai haikupatikana. Nilipowaambia waumini kwamba Majilio ni majira ya kungoja, walinicheka wakasema hilo wanalifanyaga kila siku. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Nilikwenda Bunda katikati ya Novemba kutafuta mishumaa ya Majilio, nikakuta maduka yanashindana kupiga nyimbo za Noeli kwa spika, mitumba imemwagwa hadi barabarani. Nikamwambia mwenye duka kwamba Noeli bado. Akanishangaa, akasema mbona mzigo umeshafika. Nilirudi na mishumaa yangu nimenuna, nikisema moyoni kwamba watu hawa kungoja kumewaishia kabisa.

Barazani kwangu nikamkuta mama mmoja mzee, mjane, muumini wa siku nyingi, mkulima wa ulezi na muhogo. Pembeni yake alikaa binti mwenye mtoto mchanga wa kiume mgongoni. Habari zao nilizijua, kama alivyozijua kila mtu. Mama yule hakujaliwa mtoto wa kiume, na mabinti zake walikuwa wameolewa mbali. Kwa mila ya kule, mwanamke wa hali hiyo akiwa na ng'ombe wake anaweza kuoa. Anatoa mahari, analeta binti nyumbani, na binti huyo anahesabiwa kuwa mke wa yule mtoto wa kiume ambaye mama hakumzaa. Watoto watakaopatikana, baba yao wa damu awe yeyote, ni wa nyumba ile, na aliyetoa ng'ombe ndiye bibi yao. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Mimi ni mtu wa rasini, nimekulia kando ya ziwa kwenye furu na dagaa, na mara ya kwanza kusikia jambo hilo nilidhani wananitania.

Alitaka mjukuu wake abatizwe kabla ya Noeli. Sababu hakuificha. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa amelitamani boma lile tangu siku ya mazishi, na ukoo ulikuwa umepanga kukaa mara tu baada ya Noeli kuamua litakuwa la nani. Wazee wa ukoo karibu wote walikuwa waumini wangu. Mtoto akibatizwa mbele yao kama mtoto wa nyumba ile, wangewezaje kumkana kikaoni? Asipobatizwa, mama yule angehesabiwa hana mrithi, na yeye, mke wake na mtoto wangekuwa wageni kwenye ardhi waliyoilima.

Nililipeleka jambo hilo kwa wazee wa kanisa, na hapo nikakutana na shemeji mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama na Biblia mkononi, akasema hayo ni mambo ya giza. Binti amtaje mwanamume wake na aondoke kwenye nyumba ile, ndipo mtoto abatizwe. Alisema kwa upole, kama mtu anayewahurumia.

Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza ng'ombe wa marehemu kaka yake walikwenda wapi siku ya kuanua matanga.

"Wale nilipewa na ukoo, mchungaji," akasema. "Hiyo ni mila yetu."

Hakucheka, wala wenzake hawakucheka. Yaani mila iliyompa yeye ng'ombe ilikuwa mila, na mila iliyompa mama yule mjukuu ilikuwa giza. Nyani haoni kundule. Nikawasomea mwanzo wa Injili ya Mathayo, ule ukoo mrefu wa akina baba unaoishia kwa Yusufu, mtu ambaye hakumzaa mtoto mwenyewe. Mzee mmoja akanijibu kwamba ile ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu, hii ya hapa inajulikana ni kazi ya nani. Wengine walitazama chini. Mabati ya kanisa letu yalikuwa sadaka ya huyo shemeji, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Wakakubaliana kwamba jambo liende kwa wakubwa.

Nikaendesha baiskeli hadi Kiabakari, nikapata lori la kwenda Musoma. Mkuu wangu kule ni mtu mwema, naye siku hiyo alikuwa amechoka. Alinipa chai, akanisikiliza hadi mwisho, akasema suala hilo ni zito, litaletwa kwenye mkutano baada ya Pasaka.

Nikamwambia ukoo unakaa baada ya Noeli.

"Subira yavuta heri, mchungaji."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Alicheka sana, akidhani namtania. Njia nzima ya kurudi lori lilijaa watu na redio zao mpya na mikate ya sikukuu, nami nilikuwa na hasira hata salamu sikuitikia. Ni rahisi kumwambia mtu asubiri ukiwa umekalia kiti, na chai ipo mezani.

Nilimkuta mama akipepeta ulezi. Nikampa jibu la Musoma kama nilivyopewa, huku naona aibu, maana mdomo uliokuwa ukimwambia angoje ulikuwa wangu. Aliendelea kupepeta hadi ungo ukabaki safi.

"Mchungaji," akasema, "mimi mwanangu nilikuwaga namngoja tangu niko msichana. Nilipochoka kungoja, nikaoa."

Kisha akaniuliza kama Jumapili pale kanisani maji yatakuwepo. Nikasema yatakuwepo. Hakuna mtu aliyeniruhusu kusema hivyo.

Jumapili ya nne niliwasha mshumaa wa mwisho, nikaanza kuhubiri juu ya kungoja. Sikufika mbali. Kila nikilitamka neno lile nilimwona mkuu wangu akicheka na kikombe chake. Nikafunga Biblia, nikaomba beseni, nikawaita mbele mama, binti na mtoto.

Shemeji akasimama kwenye benchi la wazee.

"Tufuate utaratibu, mchungaji. Kanisa liambiwe kwanza. Baba wa mtoto huyo ni nani?"

Binti aliinamisha uso hadi kidevu kikagusa kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe shemeji maneno ambayo hayafai kusemwa madhabahuni, lakini mama akaniwahi. Hakumgeukia aliyeuliza. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu swali la jirani kisimani.

"Baba yake ni mwanangu. Bado hajaja."

Niliwatazama wazee wa kanisa, nikawatazama wa ukoo waliokaa nyuma yao, nikisubiri mmoja aseme neno. Nilitaka waseme, nilikuwa tayari kwa ugomvi. Shemeji alibaki amesimama peke yake muda mrefu, kisha akakaa. Mahali fulani nyuma mzee mmoja akasema Amina, taratibu, na mwingine akaitikia.

Nikampokea mtoto, nikamuuliza mama jina lake. Alilitaja bila kusita, jina la kiume alilokuwa amelitunza tangu mwaka alioolewa.