Pikapu ya Fundi Miguu

Fundi Miguu hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka ishirini na tatu alitengeneza miguu bandia katika chumba kimoja kwenye barabara kuu ya mji, na ukitaka kumsikia akiongea ilibidi umuulize habari za goti. Hapo ungekoma mwenyewe! Jirani yake, muuza viatu, hakuchoka kumtania: "Fundi, wewe ndiye unayenifilisi. Wateja wako wanataka niwauzie kiatu kimoja kimoja!"

Kwa hiyo waliposikia anakwenda kusimama ukumbini mbele ya halmashauri, watu walishika vichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: halmashauri ilitaka gari lisikae katikati ya mji zaidi ya nusu saa. Ukizidisha, unalipa ada, nayo inapanda kila saa. Ukiendelea kujitia kiziwi, gurudumu linafungwa mnyororo. Kwa muuza viatu ilikuwa sawa tu. Kwa Fundi ilikuwa balaa. Kumvalisha mtu mguu, kumtembeza, kumvua, kupunguza hapa na kuongeza pale, ni saa mbili, tena kwa haraka. Uwanja mwingine wa kuegesha uko chini kule, nyuma ya soko, na kutoka huko ni ngazi themanini. Sasa mwenye mguu mmoja atazipandaje? Wateja wakishindwa kuja, Fundi anafunga duka, basi. Ndiyo maana alitaka kuomba wapewe saa mbili.

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi aliwahi kabla ya mtu yeyote, akaweka pikapu yake mbele ya mlango. Mteja akikaribia alipiga simu, na Fundi akatoka mbio na aproni yake, akaiondoa pikapu, mteja akaingia palepale. Hakumweleza mtu, maana kwake ilikuwa sehemu ya kazi.

Asubuhi ya mkutano binti yake alimwambia wakinywa chai, "Baba, usiende."

"Kwa nini?"

"Basi tu, baba." Binti aliajiriwa na halmashauri, idara ya barabara, na mwezi mzima alikuwa ametumwa kuhesabu magari na kuyapiga picha. "Mimi nimeandika nilichokiona," akasema, macho yamezama kikombeni.

Fundi alikwenda. Alikuwa na shahidi wake, Mwalimu, mama mstaafu ambaye mguu wake mpya ulikuwa bado haujamkaa sawa. "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," alimwahidi, "nitakushikia nafasi mlangoni." Akafika mapema ukumbini, barabara ileile ya duka lake, akaegesha pikapu mlangoni kabisa. Karani akasema simu zote zizimwe, naye akaizima ya kwake. Kisha akaketi.

Ukumbi ulichemka. Huyu alilalamikia ada, yule alilalamikia wanaolalamikia ada, na muuza viatu akapiga meza kwa kiganja: "Tatizo si ada! Wateja wanazunguka, wanakosa nafasi, wanaondoka! Nani anazikalia hizo nafasi?"

"Tutaona sasa hivi," alisema mwenyekiti, akamwita binti.

Picha ikatokea ukutani. Ilikuwa pikapu. Ya pili pikapu. Ya tatu, pikapu ileile, asubuhi na jioni. "Siku ishirini na mbili kati ya ishirini na sita," binti alisoma bila kuinua uso. Watu wakaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Fundi, gari hili ni la nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Langu, mheshimiwa."

"Na wewe ndiye unayetaka watu wapewe saa mbili mbili?"

"Nawashikia wateja wangu. Wakija, naondoa." Kicheko kikazidi. "Ninaye shahidi," alisema.

"Yuko wapi?"

Fundi aligeuka kuutazama mlango. Hakukuwa na mtu. Mwenyekiti alitazama saa yake, akasubiri kidogo, akasema wapige kura. Mikono ilikuwa imeanza kuinuka mlango uliposukumwa.

Mwalimu aliingia ameshika ukuta, jasho linamtiririka, soksi ina damu. Mikono ikashuka.

"Samahanini nimechelewa," alisema akihema. "Fundi, nimezunguka mara nne. Nimekupigia mpaka nimechoka. Mlangoni pamezibwa na pikapu yako, nikaenda kuegesha sokoni."

Fundi alishika mfuko wenye simu. Lo! Alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Alimwendea Mwalimu, akamkalisha, akapiga magoti mbele ya mji mzima na kufungua mikanda ya mguu. Ngozi ilikuwa imechubuka vibaya.

"Umepanda zile ngazi?" aliuliza.

"Nimezihesabu. Ni themanini na moja, Fundi. Miaka yote unatuambia themanini."

Aliona aibu iliyomuuma kuliko kicheko chote kile. Mwenyekiti alimuuliza kama ana neno la mwisho, naye hakusimama, alijibu akiwa amepiga magoti vilevile.

"Amri yenu ipite. Ila mbele ya duka langu wekeni nafasi moja ya asiyeweza kutembea, isiwe na ada wala saa. Na pikapu yangu ikionekana hapo hata dakika moja, ifungeni mnyororo."

Mwenyekiti alichukua kalamu. "Nafasi moja," alisema akiandika.

"Andika mbili," alisema muuza viatu bila kumtazama mtu. "Ya pili iwe mbele ya duka langu."

Fundi alitoa ufunguo akampa binti yake. "Mwanangu, nenda kaiondoe."

Binti alitoka. Walisikia pikapu ikikohoa, ikawaka, ikaenda zake. Alikawia sana, na aliporudi alikuwa anahema. Alimwekea baba yake ufunguo kiganjani.

"Umeiweka wapi?"

"Sokoni, baba. Ukitoka hapa utashuka mwenyewe, uzihesabu vizuri."