Neno moja la Kiingereza lilivyomaliza ng'ombe wa Mzee Salehe

Wakuu, heshima kwenu.

Wanaonifahamu humu wanajua mkono wangu kwenye chumvi ni mzito. Leo nimeiacha jikoni. Haya niliyafanya mwenyewe, na hata mke wangu sijawahi kumwambia.

Ni miaka ile biashara zimefunguliwa, Kariakoo inajaa bidhaa za nje kila kukicha. Nilikuwa muuzaji kwenye duka la dawa za mifugo la Mhindi mmoja mpole, Kantibhai. Nimetoka kumaliza masomo ya jioni, cheti bado kinanukia wino.

Kiingereza changu wakuu, nilikuwa nikikohoa tu, mtaa mzima unatafuta kamusi. (Sawa, hiyo ni chumvi. Ilibaki kidogo mfukoni.)

Dawa zilikuja na lebo za Kiingereza kitupu. Wateja wananipa chupa, nami natafsiri kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Wakanibatiza Profesa.

Siku hiyo akaja Mzee Salehe. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo, kikabinafsishwa, wakapunguzwa kazi. Kiinua mgongo chote akanunulia mitamba watatu waliokaribia kuzaa, akawapeleka shambani kwake upande wa Bagamoyo.

Kule kuna mbung'o. Ni nzi anayeuma kama sindano, na akiuma anamwachia ng'ombe ugonjwa wa nagana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Profesa. Nasikia kuna dawa mpya, unampaka ng'ombe mwenyewe, mbung'o akitua anakufa. Wale watatu ndio pensheni yangu. Nisomee taratibu."

Nikasoma. Dawa ya kumwagia mgongoni, kutoka shingoni mpaka mkiani. Hapo nilipatia.

Kisha nikakutana na maneno haya: Do not dilute.

Dilute sikuijua, wakuu. Nilichokijua ni delay. Na Profesa atasemaje hajui, wateja wamepanga foleni wanamsikiliza?

"Wanasema usicheleweshe," nikamwambia. "Ukifika tu, anza."

"Na maji nichanganye kiasi gani?"

"Kama ya josho tu mzee. Ndoo moja, vifuniko viwili."

Dawa zote za kuogesha ng'ombe tulizozizoea zilikuwa za kuchanganya na maji, ndiyo maana sikujiuliza mara mbili.

"Mungu akuzidishie elimu," akasema, akaondoka.

Baada ya kama miezi miwili akarudi. Ng'ombe mmoja amekufa. Wa pili amelala, mbavu unazihesabu. Bwana mifugo kasema ni nagana.

"Nilifuata ulivyosoma, Profesa. Sikuchelewa hata siku moja."

Mteja mmoja pembeni akadakia, "Mzee, umepigwa. Hili ndilo soko huria, tunauziwa maji ya rangi."

Mzee Salehe akamkatiza. "Hata kama ni feki, huyu mtoto hana kosa. Yeye kasoma kilichoandikwa."

Jioni, baada ya kufunga, nikaomba kamusi ya Kantibhai. Dilute: kuzimua, kupunguza nguvu kwa kuongeza maji.

Nikakaa juu ya katoni. Dawa ilikuwa nzima kabisa. Niliyeifanya maji ya rangi ni mimi.

Jumapili nikafunga safari kwenda kumwambia. Nilimkuta anang'oa nguzo za banda. Wa pili alikufa, na wa tatu walikuwa wamemfukia juzi yake.

"Mama Zuhura," akamwita mkewe, "njoo uone, Profesa katoka Kariakoo yote hiyo kuja kutupa pole."

Mkewe akaleta chai ya rangi. "Utusamehe mwanangu. Maziwa ndiyo hivyo tena."

Niliinywa mpaka kwenye majani. Nikasema poleni. Nikaaga.

Nilichojifunza: "sijui" ingenipa aibu ya dakika moja. Mfugaji uliye humu, ukisomewa lebo usione haya kuuliza mtu wa pili. Na muuzaji mwenzangu, neno usilolijua usilibahatishe, kuna mtu ameweka maisha yake yote kwenye hiyo chupa.

Mzee Salehe ametangulia, akiamini alipigwa na soko huria. Mama Zuhura yupo. Kila Idi ananipigia simu kuniombea dua, kwa kuwa kati ya watu wote wa Kariakoo, ni mimi peke yangu niliyekwenda kuwapa pole.

Nimwambie, wakuu, au nimwache na dua zake? Semeni kweli. Hata matusi nitayasoma.