Niape Kwamba Sitamwacha Bibi wa Watu Kwenye Treni, au Nimsikilize Mwanangu?

Habari admin. Nakuomba unifichie jina, maana Wakenya wenzangu hapa Jeddah wananifahamu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, kwetu ni Taveta. Nilifundisha jiografia sekondari miaka ishirini na miwili, hadi shule yetu ya binafsi ilipofungwa. Sasa ni mwaka wa sita niko mtaa wa Al-Hamra, nikimtunza mama mzazi wa madam, mwajiri wangu. Sote tunamwita Sitti, yaani bibi. Akili yake imeanza kuchoka. Halali asiponisikia karibu, na akiamka bila kuniona hulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Miezi miwili iliyopita madam alikuja jikoni na simu mkononi. Yeye huniita abla, kama wanafunzi wa hapa wanavyowaita walimu wa kike. "Abla, wewe unaijua Ulaya. Likizo ya baridi tunataka kuzunguka kwa treni za usiku. Hii treni inalala wapi?" Nilicheka. Nikamweleza kwamba treni hailali, anayelala ni abiria: unapanda Zurich jioni, unakunjua kitanda chako, unaamka Viena, na pesa za hoteli ya usiku mmoja umeziokoa. Mimi ambaye sijawahi kugusa theluji nikachora ramani nzima nyuma ya kalenda. Bosi, mume wa madam, akapita akasema, "Hapa tumeajiri mtunza bibi au waziri wa uchukuzi?" Tukapanga hivi: madam, bosi na watoto wao wawili chumba kimoja, mimi na Sitti chumba cha vitanda viwili. Niliona fahari, siwafichi.

Nafasi za viza Jeddah zilikuwa zimejaa, tukaenda kupigwa alama za vidole Riyadh. Huko, mtaa wa Al-Naseem, ndiko anakofanya kazi binti yangu wa miaka ishirini na saba. Mkataba wake umekwisha tangu mwaka jana, lakini kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, hataki kumwachia. Nilimwomba huyo kafili ruhusa, nikaonana na binti yangu nusu saa mbele ya duka la karibu na nyumba yao. Nikamweleza habari ya safari nikidhani atafurahi.

"Mum, hiyo ndiyo njia yetu."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Shuka. Kituo chochote kabla ya Viena. Nenda polisi, sema unaomba hifadhi. Ukipata karatasi, unanivuta."

Nikaanza kumfafanulia kwamba hifadhi haitolewi kwa kushuka tu kwenye treni, kwamba kuna masharti, kwamba watu husubiri miaka na wengine hurudishwa. Akanikatiza.

"Wacha kunifundisha! Mimi si mwanafunzi wako. Tazama hii mikono."

Ilikuwa imepasuka kwa dawa za kusafishia, kucha mbili hazipo.

"Wewe unamfunika blanketi bibi wa watu," akasema, "na mimi mtoto wako nalala kando ya mashine ya kufulia. Usiposhuka, mimi natoroka hapa. Utasikia tu."

Kwa msiojua, mfanyakazi akimtoroka kafili wake huku huandikwa mtoro. Hapati tena kazi ya halali, na hata kurudi nyumbani huwa ni mashaka. Anayempa pa kulala anaweza kumfanyia lolote, naye hana pa kushtaki.

Niliporudi Jeddah nilimwomba madam azungumze na kafili yule. Hakukasirika. Alisema, "Mafi, abla, haiwezekani. Mimi siingii nyumba za watu." Basi.

Siku tatu baadaye, tukiwa kwenye ile ramani, nilimweleza madam kwamba polisi wa mpakani huweza kuingia kwenye mabehewa wakati wowote, kwa hiyo ni vyema kila abiria ashike pasipoti yake. Ni kweli, hata leo ningesema hivyo hivyo. Viza zilipotoka akafungua kabati akanipa yangu. Sikuwa nimeishika tangu niliposhuka uwanja wa ndege kuja kuanza kazi. Tangu siku hiyo najiuliza: nilisema yale kama mwalimu, au nilikuwa najifungulia mlango?

Sitti naye amezipata glovu za sufu za wajukuu, anazivaa mchana kutwa, anakula tende nazo. Kila asubuhi ananiuliza, "Treni imefika?" Namwambia bado, naye ananiambia nisimwache nyuma.

Jumamosi madam aliingia nikimchana Sitti nywele. "Kaka yangu anasema safari itamchanganya mama. Mimi sitaki kumwacha. Niapie kwamba utakuwa naye kila usiku mpaka turudi, nami nitamchukua. Usipoapa, mtabaki hapa nyote wawili." Kisha akaongeza taratibu, "Nakuamini wewe kuliko ndugu zangu." Anataka jibu Alhamisi.

Nikiapa kisha nikashuka, mwanamke wa miaka themanini ataamka kwenye behewa, kati ya watu ambao lugha yao haijui, akiniita. Nikiapa na nisishuke, mwanangu atatoroka. Nikikataa kuapa, ni kama nimemwambia mwanangu kwa kinywa changu kwamba sitamwokoa.

Sasa nisemeje ambalo sijamwambia hata binti yangu? Kituo nimeshakichagua. Najua jina lake, najua treni inafika hapo alfajiri na inasimama dakika kumi na moja, na najua mlango wa behewa letu utakuwa upande gani. Nilianza kutafuta haya siku ileile niliyotoka Riyadh, huku nikijiambia natengeneza ratiba ya madam.

Nyinyi wenye watoto walio mbali, na nyinyi wenye wazazi wanaotunzwa na mikono ya wageni, msinionee haya. Hiyo Alhamisi nimjibu nini huyu madam?