Paneli Niliyoikaza Juu ya Kombi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya baridi kule kwetu Igamba, Mbozi, nilipopanda juu ya kombi letu kuukuu na kukaza bolti nne za paneli ya sola mpaka bati likalia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mume wangu Lazaro alikuwa chini ameshika ngazi, blanketi mabegani, ananiomba nishuke kwa sababu uji unapoa. Nikamjibu kwamba mwizi wa Tunduma atakayeitaka paneli hii itabidi aondoke na gari zima.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu mama yako ameniambia umenunua gari, unataka kuweka kitanda ndani na kufunga sola kwa mikono yako. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujagusa spana, msikilize kidogo mama yako mkubwa.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Mbozi, na madukani Tunduma paneli zimepangwa hadi barabarani. Kazi yangu ilikuwa kuchanja kuku. Akina mama wa bondeni Momba walikuwa wamepoteza kuku wao wote kwa kideri mwaka uliotangulia, hata jogoo wa kuwaamsha hakubaki. Wewe umekulia mjini, labda hujui kuku ni nini kwa mwanamke wa kule. Ng'ombe ni wa mume, shamba ni la ukoo, lakini kuku ni wake. Kuku ndiye daftari la mtoto, ndiye kitoweo cha mgeni. Walikuwa wameanza kufuga upya, wakaniomba chanjo kabla ugonjwa haujarudi, nami nikawaahidi.

Bondeni ni mbali, huendi ukarudi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kombi tuliligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi mlangoni, na kifriji cha kutumia betri kwa ajili ya chanjo, maana joto huiharibu.

Fundi aliyeniuzia paneli alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, mpole, anayeongea taratibu. "Bamayo," aliniuliza, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "hili friji litafanya kazi wapi? Na gari mtaliegesha wapi?"

Nikamjia juu. Nikamwambia nimekuja kununua paneli, sijaja kuulizwa maswali ya polisi. Alicheka tu. Akanishauri nichukue waya mrefu, ili paneli niweze kuiweka chini popote, na nichukue betri ya sola badala ya ile ya gari niliyokuwa nayo. Moyoni nikasema huyu anataka kuniuzia duka lote. Nikachukua paneli na kile kisanduku kidogo kinacholinda betri, basi.

Nilijaribu mtambo wangu wiki nzima pale Igamba. Friji linanguruma kidogo, linanyamaza. Linanguruma kidogo, linanyamaza. Jioni betri imejaa. Nilitamba kwa majirani mpaka nikawachosha. Kumbe sifa hazikuwa zangu, mwanangu. Ilikuwa baridi ya Igamba inanifanyia kazi.

Tulishuka Momba mwezi wa kumi, na wewe unajua joto la kule mwezi huo, au kama hujui utalijua. Tulifika mchana, tukaegesha chini ya mgunga penye kivuli, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Friji likaanza kunguruma na halikupumzika tena. Asubuhi yake nilipoamka lilikuwa kimya, na taa ya kile kisanduku imezima.

Tukalisukuma gari hadi juani. Paneli ikaamka, lakini ndani ya gari kukawa tanuri, na friji likahangaika kidogo kisha likanyamaza tena. Tukalirudisha kivulini, paneli ikalala. Kwetu Mbozi gari unaliweka juani makusudi ili lipate joto. Haikunijia akilini kabisa kwamba kuna mahali paneli inataka jua na kila kitu kingine kinataka kivuli, nami nilikuwa nimevikaza pamoja kwa bolti nne. Lazaro akasema tuifungue. Spana nilikuwa nimeiacha Igamba, dirishani.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mama yako. Nilimwambia Lazaro tufunge mlango tunyamaze. Kesho akina mama wakija, nitawachanja kuku wao kama kawaida. Chanjo ni tone la jichoni tu, ikiwa imeharibika nani atajua? Naona aibu mpaka leo.

Nilipogeuka, Bibi Kabula alikuwa amesimama nyuma ya gari. Ndiye mwenyeji wetu, mama wa Kisukuma aliyehamia kule na familia yake na ng'ombe miaka mingi nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, wala hakupandisha sauti, "kuku wakifa tutalia. Ukitudanganya tutalia, halafu hatutakupokea tena. Umetuletea baridi ya kwenu ukadhani itakaa. Kwa nini hukuniuliza? Mimi si ndiye ninayeishi hapa?"

Yeye hakungoja jibu. Alileta chungu kikubwa, akakiweka kwenye mchanga uliolowa, ndani ya nyumba yake ambako hakuna jua. Tukavifunga vichupa vya chanjo kwa kitambaa kibichi, tukaviweka humo na kufunika kwa gunia lililoloweshwa. Kisha akawatuma wakwe zake waite watu waje leo leo, wasingoje kesho.

Walikuja na kuku kwenye matenga, wengine kwapani. Nikasimama mbele yao nikasema ukweli: friji limezima, vichupa nimevigusa havijapata moto, na chanjo ya aina hii huvumilia kidogo, lakini siwezi kuapa. Anayetaka kurudi na kuku wake arudi. Nilijua wakiondoka, ugonjwa ukija hawatakuwa na kitu.

Bibi Kabula akafungua tenga lake, akatoa tetea mweupe. "Anza na wangu," akasema.

Nilimdondoshea tone jichoni. Wengine wakafuata. Alasiri vichupa vilikuwa vitupu.

Nilirudi Igamba nikiwa sina amani. Tukasikia kideri kimeingia vijiji vya jirani na kwa Bibi Kabula. Mvua za kwanza zilipotulia tukashuka tena. Tulipokaribia nilimwomba Lazaro azime injini nisikilize. Jogoo aliwika, mwingine akamjibu, na mimi nikalia pale pale kwenye kiti cha mbele. Bibi Kabula alinipokea na tetea wake mweupe, vifaranga vikimzunguka. "Huyu tumempa jina Friji," akaniambia. "Yeye hazimiki."

Safari hiyo paneli haikuwa tena juu ya gari. Nilikuwa nimemrudia yule fundi, nikamwomba radhi, akanikatia waya mrefu bila hata neno la kunisuta. Fundi huyo na Bibi Kabula, na Lazaro aliyesukuma gari bila kuninunia, nawashukuru kila siku ya maisha yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na paneli. Anza na unachotaka kuwasha na kwa saa ngapi, halafu upige hesabu kwa siku ya joto kali kuliko zote na kwa siku ya mawingu, usipige kwa siku nzuri ya nyumbani kwenu. Nunua betri ya sola, ya gari iache iwashe gari. Waya uwe mrefu na mnene, maana mwembamba unakula umeme njiani, na fyuzi ikae karibu na betri. Fundi akikuuliza swali, mjibu. Unakokwenda, waulize wenyeji kabla hujashusha mzigo. Na kitu kikikuharibikia mbele ya waliokuamini, waambie siku hiyo hiyo. Spana usiisahau.

Waya ule ninao bado, mzima kabisa. Njoo uuchukue. Mungu akutangulie barabarani, paneli yako ipate jua nawe upate kivuli, na popote utakapoegesha awepo mtu wa kukuambia ukweli, kisha akupe kuku wake wa kwanza.