Risasi Nilizosubu Ibra

Bunduki ya babu yake mume wangu ilikuwa kongwe, na risasi zake hazikuuzwa dukani. Anayeitumia sharti asubu vichwa vyake mwenyewe nyumbani: ayeyushe madini ya risasi, ayamimine kwenye kalibu, yapoe. Kila Idi wanaume wa ukoo hutoka nje ya Ibra, mji wao kule Omani, kulenga jiwe jeupe mlimani, na mume wangu alikuwa hajawahi kulipata. Ami yake, mwenye amri juu ya ile bunduki, akamwambia mbele ya watu: ukikosa tena, naipeleka nyumba nyengine.

Mume wangu alizaliwa Tabora, mimi Unguja. Kwa watu wa pale sote tulikuwa Wazanzibari, watu wa kupika na kucheka. Hilo lilinikera kuliko jiwe lenyewe. Miaka ile ya tisini hasira zangu zilikuwa karibu, na sioni haya kusema: niliitaka ile bunduki ibaki kwetu.

Ijumaa moja baada ya sala aliwasha moto uani, akatoa vipande vya risasi alivyopewa na fundi wa matairi, akachukua sufuria yangu ndogo bila hata kuniomba. Haikurudi jikoni tena. Nikasimama mikono kiunoni nikimtazama. Vichwa vilitoka vimekunjamana, utadhani nyuso za vikongwe.

"Kalibu lako baridi," nikamwambia. "Chuma kisipopata moto, hata kitumbua hakitoki."

"Mama, hii risasi, si futari."

"Na iwe kombora! Cha kwanza hapelekewi mgeni. Virudishe vyote motoni."

"Haya, yallah, nioneshe wewe."

Hapo nikaleta upishi wangu. Nikitaka kujua kama chuma kimepata moto, mkono wangu hurusha matone ya maji bila kufikiri. Nikayarusha. Tone likaingia kwenye sufuria, risasi ikaripuka, ikaruka, ikaitoboa kanga yangu na kuniunguza mguu. Macho yalisalimika kwa rehema ya Mungu tu. Mume wangu alinivuta nyuma, uso umemsawijika. Nilipoacha kulia, akacheka mpaka akakaa chini. Nilimnunia mpaka magharibi.

Lakini Ijumaa iliyofuata nilirudi. Nilivaa viatu na miwani yake, maji nikayaweka mbali, watoto nikawapeleka kwa jirani. Kalibu nikalipasha kando ya moto, na ili kujua moto wake nikavitazama vichwa vyenyewe: vikikunjamana, bado; vikijaa na kung'aa, tayari. Niliharibu vingi, nikaviyeyusha upya, mpaka vikaanza kutoka laini kimoja baada ya kimoja. Nilivipanga kwenye sinia nikawa navitazama kama bibi harusi na dhahabu zake. Nilijiona, wallahi, nilijiona.

Siku ya Idi sisi wanawake tulikaa ndani ya magari, madirisha wazi. Binamu za mume wangu walilenga, wengine wakapata, wengine wakakosa. Ilipofika zamu yake nilifumba macho. Nikasikia mlio, kisha makelele ya watu. Nilipofumbua, jiwe lilikuwa limepasuka.

Ami akataka kuona vichwa vilivyobaki. Akavigeuza geuza kiganjani.

"Nani kakusubia hivi?" akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu.

Kwao mwanamume kusubiwa ni aibu. Mume wangu akageuka kulitazama gari letu. Angesema "mimi" ningemwelewa, na nisingemsamehe.

"Mke wangu," akasema.

Binamu zake wakaangua kicheko. Ami hakucheka.

"Basi bunduki ibaki kwao," akawaambia. "Nyinyi mnajua kulenga. Nyumba ile ina mtu anayejua kuilisha."

Nikafungua mlango wa gari, nikapiga kigelegele. Mama mkwe alinivuta buibui, akaninong'oneza nione haya, wanaume wanatazama. Nikapiga cha pili.